WAYA MMOJA, SPIKA SITA: WATU USIOWAJUA MAJINA WALIOIFIKISHA SAUTI YA SINEMA KWENYE LAPTOPU YAKO

Hii ni kwa wale wote wenye homu theta sebuleni na laptopu mezani.

Kuna ugonjwa mmoja unazisumbua nyumba nyingi mjini. Movie inawekwa, gari linalipuka, mabati yanatetemeka, jirani anagonga ukuta. Halafu steringi anafungua mdomo aongee, midomo inacheza tu, maneno hayasikiki. Unapandisha sauti umsikie, mlipuko mwingine unakuja, mtoto anaamka analia. Hapo kila mtu anakuwa fundi. Mmoja anasema spika zimekufa. Mwingine anasema movie ya kudownload ndo ilivyo. Wengine wanabeba mzigo mzima kuurudisha dukani na ugomvi unaanzia hapo.

Mara nyingi spika ni nzima na movie ni nzima. Tatizo lipo kwenye njia ambayo sauti inapita kutoka kwenye laptopu kwenda kwenye risiva. Na hiyo njia ina historia ndefu, karibu miaka 100, iliyojaa watu ambao hakuna anayewajua. Jina la Dolby limeandikwa kwenye kila boksi. Wengine wote wamekula kona kwenye historia. Leo tuwafuate hao wengine, maana ukiielewa safari yao utajua kwanini laptopu yako inaiumiza homu theta yako.

JAMAA ALIYEKERWA NA SINEMA

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, London. Sinema zenye sauti ndo kwanza zina miaka michache. Inasimuliwa kwamba injinia mmoja kijana wa kampuni ya EMI alienda sinema na mke wake, akakerwa na kitu ambacho watazamaji wengine hawakukijali. Mwigizaji anatembea kutoka upande mmoja wa pazia kwenda mwingine, lakini sauti yake imeganda palepale kwenye spika moja. Macho yanaenda, masikio yamebaki.

Jamaa hakuishia kulalamika. Desemba 1931 alipeleka maombi ya hataza, yaani haki ya kumiliki ubunifu, akieleza namna ya kurekodi na kupiga sauti kwa njia mbili ili msikilizaji ajue kitu kiko kushoto, kulia au katikati. Ndo hiyo tunayoiita stirio. Mwaka 1934 alirekodi okestra kwa mtindo huo kwenye studio za Abbey Road, miaka mingi sana kabla ya kikundi chochote cha vijana wa Liverpool kuingia mle.

Soko halikuwa tayari. Rekodi za stirio zilikuja kuuzwa madukani mwishoni mwa miaka ya 1950, na yeye hakuziona. Juni 1942, katikati ya vita, alikuwa kwenye ndege ya jeshi wakijaribu rada ya siri. Ndege ikaanguka, watu wote 11 wakafa. Alikuwa na miaka 38. Kwa sababu kazi ilikuwa ya siri, hata habari ya kifo chake ilifichwa kwa muda. Mtu aliyewapa watu kushoto na kulia akaondoka bila kelele.

NYUKI ALIYETAKIWA KURUKA UKUMBINI

Wakati huohuo Marekani, Walt Disney alikuwa anatengeneza katuni ya muziki, Fantasia. Inasemekana alikuwa na wazo la nyuki ambaye mlio wake ungeruka kuzunguka ukumbi mzima, siyo kwenye pazia tu. Nyuki mwenyewe hakuingia kwenye filamu iliyotoka, lakini wazo likabaki. Mafundi wa studio wakatengeneza mfumo wakauita Fantasound, sauti inatoka kwenye spika tofauti na inaweza kuhama kutoka moja kwenda nyingine.

Novemba 1940 filamu ikafunguliwa New York. Watu wakashangaa. Shida ikawa mkwanja: mitambo ilikuwa mikubwa, ghali, inahitaji mafundi wake maalumu, na ni kumbi chache tu zilizofungwa. Vita vikaja, vifaa vikaadimika, mradi ukafa.

Kumbuka hilo maana litajirudia kila sura ya hadithi hii. Sauti ya kuzunguka imeshavumbuliwa mara nyingi. Kinachoshindikana kila mara ni kuifikisha kwa mtu wa kawaida kwa njia nyembamba aliyonayo.

AKINA DADA WA SIMU

Tuje kwenye laptopu kidogo. Angalia lile tundu la hedifoni pembeni. Unajua limetoka wapi?

Limetoka kwenye simu za karne ya 19. Zamani ukitaka kumpigia mtu, unaongea kwanza na opereta, mara nyingi dada aliyekaa mbele ya bodi yenye matundu mengi. Anachukua waya wenye pini, anauchomeka kwenye tundu la yule unayemtaka, mnaongea. Akina dada hao walichomeka na kuchomoa kutwa nzima, kwa hiyo pini ilibidi iwe imara, inaingia haraka na inatoka haraka. Ile pini nene ya gitaa na maiki mpaka leo ni mtoto wa bodi zile. Baadaye ikapunguzwa unene mpaka milimita 3.5 kwa ajili ya redio ndogo za mkononi, na Sony walipotoa Walkman mwaka 1979 dunia nzima ikaizoea.

Sasa iangalie pini ya hedifoni za muziki. Ncha yake inabeba kushoto. Pete ya katikati inabeba kulia. Sehemu ya nyuma ni njia ya kurudi, ya wote wawili. Basi, imeisha. Hamna sehemu ya spika ya katikati, hamna ya nyuma, hamna ya sabufa. Kwa hiyo unapochukua waya wa hedifoni wenye pini nyekundu na nyeupe upande wa pili ukauchomeka kwenye homu theta yenye spika sita, unapeleka vitu viwili. Hizo nne zilizobaki homu theta inazitungia yenyewe.

NNE NDANI YA MBILI

Je, unaweza kupenyeza sauti nne kwenye njia mbili? Hapa ndo miaka ya 1970 ilipokuwa tamu.

Kampuni za muziki zilitaka kuwauzia watu mfumo wa spika nne nyumbani. Kila kampuni ikaja na mtindo wake na santuri za huyu hazikuelewana na mashine za yule. Mnunuzi akachanganyikiwa, akafunga pochi. Kabla muongo haujaisha biashara ikawa imekufa. Lakini ndani ya marehemu huyo kulikuwa na hesabu ya maana: unaweza kuchanganya njia nne zikakaa ndani ya mbili, kwa kucheza na jinsi mawimbi ya sauti yanavyopanda na kushuka, halafu upande wa pili ukazichambua tena.

Hapo ndo anaingia mwenye jina, Ray Dolby. Mmarekani wa kuzaliwa Portland mwaka 1933, akiwa bado kijana alifanya kazi Ampex kwenye mashine za kwanza za kurekodi video. Baadaye akasoma Cambridge, akafanya kazi India chini ya UNESCO, kisha mwaka 1965 akafungua maabara yake London. Kazi yake ya kwanza haikuwa sarandi hata kidogo, ilikuwa kuondoa ule mlio wa "shhh" kwenye tepu.

Mwaka 1975 kampuni yake ikaleta Dolby Stereo kwa sinema. Ukingo wa mkanda wa filamu ulikuwa na nafasi ya mistari miwili tu ya sauti, basi wakaingiza nne humo: kushoto, katikati, kulia na nyuma. Star Wars ilipotoka mwaka 1977 ukumbi wenye mitambo hiyo ukawa na tofauti inayosikika, na wenye kumbi wakaanza kuinunua wenyewe bila kubembelezwa.

Ona ujanja ulipo. Sinema isiyo na mitambo ilipiga sauti ya kawaida bila shida. Yenye mitambo ilipata nne. Mkanda ni uleule. Mwaka 1982 ukaja mfumo wa nyumbani wa kuchambua sauti hizo kutoka kwenye kaseti za video, na mwaka 1987 ukaja Pro Logic ulioongeza spika ya katikati. Mwaka 2000 ikafuata Pro Logic II, ambayo inaweza kuchukua stirio yoyote ikaisambaza kwenye spika tano.

Kwa hiyo kama risiva yako ina kitufe cha Pro Logic, hata ule waya wa hedifoni haujakosa kabisa. Maneno yatasogea spika ya katikati, na movie nyingi za zamani zitakupa kitu nyuma. Ni makadirio, lakini ni makadirio yenye akili.

ILE NUKTA MOJA

Watu wengi wanaitaja 5.1 kama jina la simu mpya bila kujua inasema nini. Tano ni kushoto, katikati, kulia, nyuma kushoto na nyuma kulia. Ile moja baada ya nukta ni njia ya besi nzito peke yake, inayoenda kwenye sabufa. Inaitwa nukta moja kwa sababu inabeba masafa machache tu ya chini, kipande kidogo sana ukilinganisha na njia nzima.

Mpangilio wenyewe ulishaonekana kwenye kumbi za kifahari mwaka 1979. Hilo jina la 5.1 linahusishwa na mtaalamu mmoja wa sauti kwenye kikao cha wahandisi wa filamu mwaka 1987. Walikuwa wanabishana sinema ya kidijitali iwe na njia ngapi. Yeye akapendekeza tano na nukta moja, ikapita. Leo namba hiyo ipo kwenye maboksi ya Kariakoo na ya Luthuli Avenue kule Nairobi, na muuzaji anaitamka kama amezaliwa nayo.

Halafu ukaja mtihani wa hesabu. Chukua sauti ya kidijitali ya kawaida ya movie: vipimo 48,000 kila sekunde, kila kimoja kina biti 16. Njia moja tu inakula biti 768,000 kwa sekunde. Zikiwa sita ni zaidi ya milioni 4.6. Zitakaa wapi?

Wahandisi wa Dolby wakatumia udhaifu wa sikio. Ngoma kubwa ikilia, sikio halisikii mnong'ono ulio karibu yake. Basi mnong'ono huo usihifadhiwe. Matokeo yakawa AC-3, jina la dukani Dolby Digital. Kwenye DVD njia zote sita zinakaa ndani ya biti 448,000 kwa sekunde au pungufu, karibu moja ya kumi ya mzigo wa awali. Kwenye sinema iliingia mwaka 1992 na Batman Returns, data zimechapwa katikati ya vitobo vya pembeni vya mkanda, sehemu ambayo hakuna aliyefikiria kuitumia. Mwaka uliofuata mshindani wao, DTS, akaingia na Jurassic Park.

MWANGA MWEKUNDU

Sasa turudi nyumbani. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, Sony na Philips walihitaji njia ya kuhamisha sauti ya kidijitali kutoka mashine moja kwenda nyingine. Wakakubaliana lugha moja, S/PDIF, herufi mbili za kwanza ni za majina yao. Mwaka 1983 Toshiba wakaleta waya wake wa mwanga, TOSLINK. Ndo ule waya mwembamba unaotoa mwanga mwekundu ukiuchungulia.

Njia hii ilitengenezwa kwa ajili ya CD, na CD ina njia mbili. Ukiijaza sauti ghafi, inabeba kushoto na kulia, imeshiba. Lakini AC-3 ni kifurushi kidogo. Watu wakagundua kwamba unaweza kukiweka kifurushi hicho ndani ya waya huohuo, mahali pa sauti ya stirio. Risiva inakipokea, inakitambua, inakifungua, spika sita zinaamka. Kwa risiva isiyokitambua, kinasikika kama mvua ya mchanga.

Hapo ndo siri kubwa ya laptopu ilipo. DVD ilipoingia, Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997, movie ilikuwa tayari ina kifurushi ndani. Kompyuta haikutakiwa kufanya lolote zaidi ya kukipitisha bila kukigusa, kama konda anayepokea bahasha Ubungo na kuikabidhi Morogoro ikiwa bado imefungwa. Tatizo ni kwamba kompyuta zina kiherehere. Programu ya kupigia movie inafungua bahasha, inachanganya sauti sita ziwe mbili, inapeleka mbili.

VIJANA WA PARIS

Mwaka 1996, wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi karibu na Paris walitaka mtandao wa kasi kwenye mabweni yao. Ili kuupata ikabidi waje na mradi unaouhitaji mtandao huo. Wakachagua kurusha video. Mradi ule ukakua, wanafunzi wakahitimu, wengine wakapokea kijiti, na mwaka 2001 ukatolewa bure kwa dunia nzima. Leo unaujua kwa kofia yake ya chungwa ya barabarani: VLC.

Wengi wanaitumia miaka na miaka bila kujua kwamba ndani ya mipangilio yake ya sauti kuna sehemu ya kuruhusu kifurushi kipite bila kufunguliwa. Iko imezimwa inasubiri. Wanafunzi wale, ambao wengi majina yao hayatajwi popote mitaani, waliacha mlango wazi.

Game zilikuwa kesi nyingine kabisa. Movie sauti yake ilishapikwa studio. Game inapikwa palepale: risasi inatoka nyuma kwa sababu umegeuka sasa hivi. Hakuna bahasha. Ili ipite kwenye waya wa mwanga, kompyuta inatakiwa ifungashe AC-3 papo kwa papo. Xbox ya kwanza ya mwaka 2001 iliweza, na mwaka huohuo NVIDIA wakaleta uwezo huo kwenye kompyuta za mezani. Lakini kufungasha kulihitaji leseni, na watengenezaji wengi wa laptopu hawakuona sababu ya kulipia kitu ambacho mnunuzi hakiulizi. Kwa hiyo ukakuta laptopu ina mwanga wa S/PDIF na bado game inatoka stirio. Hataza za mwisho za AC-3 zilikuja kuisha mwaka 2017, wakati waya wa mwanga wenyewe umeshaanza kutoweka kwenye laptopu.

HDMI: BOMBA LIKAPANULIWA

Desemba 2002 kampuni saba zikiwemo Sony, Philips, Toshiba na Hitachi zilitoa HDMI. Waya mmoja, picha na sauti pamoja. Na tangu toleo la kwanza una nafasi ya njia nane za sauti ghafi, bila kubanwa. Mwaka 2006 toleo la 1.3 likaongeza vifurushi vikubwa vya Blu-ray, Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio.

Kwenye makaratasi tatizo liliisha hapo. Kwenye maisha, haikuwa hivyo. Kompyuta za mwanzo zenye HDMI nyingine hazikutoa sauti kabisa kwenye tundu lile, ilibidi fundi avute kiwaya ndani kutoka kwenye kadi ya sauti. Kadi za picha zikaanza kuja na sauti yake zenyewe mwaka 2007, na njia nane kamili mwaka 2008. Baada ya hapo laptopu ya kawaida yenye HDMI ikawa na uwezo ambao kumbi za sinema za mwaka 1940 zililia kuupata.

Kwanini basi steringi bado hasikiki? Kwa sababu ya salamu.

Ukichomeka HDMI, vifaa vinasalimiana kwanza. Laptopu inauliza, "Wewe unaweza nini?" Kifaa cha upande wa pili kinajibu. Watu wengi wanachomeka laptopu kwenye TV, halafu TV kwenda homu theta. Kwa hiyo anayejibu salamu ni TV, na TV nyingi zinajibu kwa ajili yao wenyewe: "Mimi nina spika mbili." Laptopu inatii, inapeleka mbili. Homu theta yako ya spika sita haikuulizwa kitu.

Na ule ugonjwa wa maneno kupotea ni kinyume chake. Laptopu imeambiwa kuna spika sita wakati ukweli zinafika mbili. Inagawa kazi kwa uaminifu, milipuko na muziki kushoto na kulia, maneno yote katikati. Katikati hakufiki popote. Steringi anaongea na hewa.

HABARI YA SABUFA ZETU

Sasa tuongee ukweli wa huku kwetu. Mizigo mingi inayouzwa kama homu theta 5.1 haina HDMI wala tundu la mwanga. Ina pini nyekundu na nyeupe, bluetooth, sehemu ya flashi, na taa za disko. Ukichomeka nyekundu na nyeupe, spika za nyuma zinarudia tu kilichopo mbele. Mtu amelipa spika sita, anasikiliza mbili zilizopigwa fotokopi.

Lakini geuza nyuma uangalie. Baadhi zina matundu sita yaliyopangwa pamoja, yana maandishi FL, FR, SL, SR, CEN na SW. Na kwenye rimoti kuna kitufe kimeandikwa AC3 au 5.1. Wengi hawajawahi kukigusa, au walikibonyeza sauti ikakata wakadhani wameharibu. Yale matundu hayafungui bahasha ya AC-3. Yanasubiri mtu mwingine afungue awaletee sauti sita zikiwa zimeshatenganishwa. Laptopu inaweza kuwa huyo mtu, kwa kutumia kadi ndogo ya sauti ya USB yenye uwezo wa 5.1 na nyaya tatu zenye pini mbili mbili. Tatu mara mbili, sita. Imetimia. Ila hakikisha unayonunua ina matundu matatu ya kutoa sauti kweli, maana zipo zilizoandikwa 5.1 au 7.1 kwenye boksi na zina tundu moja la hedifoni.

Kwa wenye risiva ya kweli mpangilio ni huu. Laptopu iende kwenye risiva kwanza, kwenye tundu la HDMI lililoandikwa IN, halafu risiva ndo iende kwenye TV. Kama tundu pekee la HDMI limeandikwa OUT, hilo ni la kwenda kwenye TV, usilazimishe. Hapo tafuta njia ya mwanga, au ARC kama TV na homu theta vyote vinayo, upeleke kifurushi cha AC-3. Ukitumia tundu la USB-C, ujue siyo kila moja linatoa picha.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti ya laptopu, chagua jina la risiva, sehemu ya kupanga spika weka 5.1, jaribu spika moja baada ya nyingine. Kama zinazofika ni mbili tu, weka stirio bila aibu. Laptopu itachanganya maneno ndani yake na steringi ataongea tena.

Mwisho angalia faili lenyewe. Likiandikwa 2CH, lina njia mbili, hakuna uchawi wa kuleta sita. Likiandikwa AC3 au DD5.1, kuna bahasha ndani. Zile movie za kutafsiriwa ambazo madj wetu wanaingiza sauti juu yake mara nyingi ni stirio, na hapo Pro Logic ya miaka ile inakuwa rafiki.

WALIOTEGEMEA USIKIE

Kuna watu wa mwisho kwenye hadithi hii. Ni wale wachanganyaji wa sauti ambao majina yao yanapita mwishoni mwa movie wakati watu wanatafuta viatu. Wanakaa wiki nyingi kwenye chumba cha giza wanaamua mlango ufunguke nyuma yako, mvua iwe juu ya bega la kulia, mnong'ono ukae katikati. Kila mmoja wao anategemea kwamba kuanzia studio mpaka sebuleni kwako hakuna atakayezikunja hizo sita kuwa mbili. Kutoka kwa injinia wa 1931 mpaka wanafunzi wa Paris, wote walikuwa wanapigania kitu hichohicho, sauti itoke pale ilipotakiwa itoke. Wamekufikishia mpaka kwenye tundu la laptopu. Kilichobaki ni mita moja na nusu ya waya, na hiyo ni ya kwako.

Haya, dondosha komenti hapo chini: kwako spika ya katikati inaongea, au imekaa kama pambo?